Jina lililo juu ya nota: kuandaa maelezo ya watunzi kwa tamasha la kwaya Bagamoyo

Kwaya hufanya mazoezi miezi mitatu, kijitabu cha tamasha kikaandikwa usiku mmoja. Mwalimu anamtumia katibu orodha ya nyimbo, katibu anafungua simu, ananakili aya ya kwanza anayokutana nayo kuhusu Mozart, na asubuhi steshenari inatoa nakala 150. Ndiyo maana watu ukumbini husoma kwamba Mozart alitiwa sumu na mtunzi mwenzake Salieri, kwamba Haleluya ilimfanya mfalme asimame, na kwamba ile Ave Maria ya harusini ni ya Caccini. La kwanza ni uzushi, la pili halina shahidi, la tatu ni kosa kabisa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kwaya, katibu au mwanafunzi wa muziki anayepewa kazi ya kuandika maelezo hayo kwa tamasha la nyimbo nane hadi kumi na mbili. Tenga wiki tatu. Ya kwanza ni ya kukagua majina, ya pili ya kuandika, ya tatu ya kusahihisha na kuchapa. Mpe kazi mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Kamati ikigawana nyimbo, tarehe zitagongana na hakuna atakayejua nani alikosea.

Anza na nota zenyewe

Usianze na mtandao. Tandaza mezani nakala zote za nota ambazo kwaya inazitumia, za sauti zote nne, maana mara nyingi nakala ya besi ina jina ambalo ya soprano haina. Chukua daftari, kila wimbo ukurasa wake, ujibu maswali matano: muziki umetungwa na nani, maneno yameandikwa na nani, nani ametafsiri kwa Kiswahili, nani amepanga sauti, na nani amenakili nota hizi. Mara chache hao huwa mtu mmoja.

Kwenye nota zilizochapwa vizuri, jina la mtunzi wa muziki hukaa juu kulia, la mwandishi wa maneno juu kushoto, na la mpangaji chini ya la mtunzi. Nakala zetu nyingi zimepoteza mpangilio huo. Fundi wa fotokopi akikuza nota za A5 ziwe A4, ukingo wa juu hukatika, na jina ndilo la kwanza kwenda. Kisha anakuja mwalimu mwingine, anabadilisha baa mbili za sauti ya tenori ili vijana wake waifikie, anazichapa upya kwenye kompyuta na kuweka jina lake pale juu kulia palipobaki patupu. Nakala hiyo ikishapita kwenye makundi matatu ya WhatsApp, mtunzi wa zamani ameshafutika, na hakuna aliyekusudia wizi.

Kwa hiyo jina lililo juu ya nota lichukulie kama dai la mtu, upate ushahidi wa pili. Ushahidi wa pili si tovuti nyingine iliyonakili maneno yaleyale. Ni nota za toleo la zamani lililochapwa, mswada wa mtunzi uliopigwa picha (maktaba ya IMSLP mtandaoni ina mingi), au namba ya katalogi.

Namba hiyo, iliyotoka kwenye orodha ya kazi zote za mtunzi, ndiyo kitambulisho cha wimbo, na watu wengi huiruka kwa kudhani ni pambo. BWV ni ya Bach, K. au KV ya Mozart, HWV ya Handel, RV ya Vivaldi, D. ya Schubert, Hob. ya Haydn. Vivaldi ameacha Gloria mbili, zote katika Re kubwa: RV 588 na RV 589. Ukiandika "Gloria ya Vivaldi" bila namba, hujasema ni ipi. Kwaya nyingi huimba ya 589, lakini thibitisha kwa kulinganisha baa nne za mwanzo. Na ukiona "Anh." baada ya BWV, simama hapo: ni kiambatisho, mahali wataalamu walipoweka kazi ambazo Bach huenda hakuzitunga. Ile minueti ya Sol kubwa inayopigwa na kila anayeanza kinanda, iliyoandikwa "J. S. Bach" katika vitabu vingi, ni BWV Anh. 114. Imo kwenye daftari la mwaka 1725 la mke wake, Anna Magdalena, na mtunzi wake ni Christian Petzold. Bach hakuidai. Waliokuja baadaye waliikuta nyumbani kwake wakadhani ni yake.

Majina yanayokosewa zaidi, hasa harusini

Hapa tukae kidogo, kwa sababu nusu ya makosa hutoka kwenye nyimbo zisizozidi sita.

Ave Maria tatu huchanganywa. Ya kwanza huitwa ya Bach na Gounod, na hiyo ni sahihi ukieleza: chini ni Preludio ya kwanza ya Do kubwa, BWV 846, ya mwaka 1722, na juu yake Charles Gounod, Mfaransa, aliweka sauti yake zaidi ya miaka 130 baadaye. Bach hakuijua Ave Maria hiyo. Ya pili ni ya Schubert, D. 839, ya mwaka 1825. Huo haukuwa wimbo wa kanisa. Ni wimbo wa Ellen, msichana katika shairi refu la Walter Scott wa Scotland, na sala ya Kilatini ilipachikwa baadaye juu ya sauti ileile. Ya tatu ndiyo yenye matatizo: huandikwa "G. Caccini (1551–1618)". Iliandikwa karibu na mwaka 1970 na Vladimir Vavilov, mpiga gitaa wa Leningrad, aliyeirekodi kama kazi ya mtunzi asiyejulikana. Alifariki mwaka 1973, na jina la Caccini likabandikwa baadaye.

Mtu angeweza kushuku bila kuambiwa. Hakuna mswada wala chapa ya miaka ya 1600, na maneno ni "Ave Maria" tu, yanarudiwa mwanzo hadi mwisho, ilhali mtunzi wa zama za Caccini angeiweka sala nzima. Wimbo unaodaiwa kuwa na miaka 400 lakini hautajwi popote kabla ya mwaka 1970 hivi, uandikie "umenasibishwa na", au andika jina la kweli ukilijua.

Adagio ya Albinoni ni ndugu yake. Ilichapishwa mwaka 1958 na Remo Giazotto, mtaalamu wa muziki wa Italia, aliyesema ameijenga juu ya kipande cha mswada wa Albinoni (1671–1751). Kipande chenyewe hakijathibitishwa, na kazi inahesabiwa kuwa ya Giazotto. Kosa hili lina bei. Giazotto alifariki mwaka 1998, na Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Anayeinakili kwa kuamini kwamba mtunzi alikufa zamani za wafalme anagusa mali ya watu. Kabla ya kurekodi na kuuza, ulizia kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Ule mwito wa tarumbeta wa bibi harusi kuingia, ulioandikwa "Purcell" kwenye vitabu vingi vya zamani, ni maandamano ya Mwanamfalme wa Denmark, na mtunzi ni Jeremiah Clarke, wa mwaka 1700 hivi. Purcell alikuwa na jina kubwa zaidi. Kazi isiyo na mwenyewe huvutwa na jina kubwa lililo karibu, kama jahazi lililokatika nanga linavyosukumwa na mkondo.

Hadithi tamu za kuacha nje

Kuhusu Haleluya ya Handel, yenye hakika ni mengi na yanatosha. Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, akafia London mwaka 1759. Masiya nzima, kazi ambamo Haleluya imo, aliiandika kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba 1741. Tarehe amezitia mwenyewe kwenye mswada. Iliimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Haleluya si mwisho wa kazi hiyo bali inafunga sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuko, na kwa hiyo kuiimba Pasaka kuna mantiki kuliko kuiimba Krismasi.

Kuhusu mfalme George wa Pili kusimama: habari ya kwanza kuandikwa ni barua ya mwaka 1780, miaka 37 baada ya siku inayodaiwa. Waliokuwepo hawakuiandika. Watu wakitaka kusimama wasimame, ni desturi nzuri, ila kijitabu kisiseme kama kilikuwepo.

Salieri ndiye tunayemwonea zaidi. Mozart alifariki Vienna tarehe 5 Desemba 1791 kwa maradhi. Uvumi wa sumu ulienea baadaye, na mwaka 1830 Pushkin wa Urusi aliutungia tamthilia fupi, ukapata miguu. Salieri huyohuyo alimfundisha Beethoven, Schubert na Liszt, na pia Franz Xaver, mtoto wa mwisho wa Mozart. Mjane hampeleki mwanawe kwa muuaji wa baba yake. Ukiimba Requiem (K. 626), kuna habari ya kweli inayozidi ya sumu: aliyeiagiza ni bwana mkubwa mmoja, Walsegg, aliyetaka aipige kwa kumbukumbu ya mkewe kama aliyeitunga yeye mwenyewe. Mozart alikufa hajaimaliza, akaimalizia msaidizi wake Süssmayr. Kwa hiyo ukurasa wa Requiem uwe na majina mawili. Sanctus na Benedictus hazina mswada wa mkono wa Mozart.

Usiandike "mtunzi maarufu"

Neno "maarufu" halimwambii msomaji kitu, na mara nyingi si kweli kwa zama za mtunzi. Mwaka 1722 hadi 1723 Leipzig ilipotafuta mwalimu wa muziki, halmashauri ilimtaka kwanza Telemann, kisha Graupner, na Bach akapata nafasi baada ya hao wawili kushindikana. Alipokufa mwaka 1750 alijulikana zaidi kama mpiga kinanda hodari. Kazi yake kubwa ya Mateso kadiri ya Mathayo ilirudi kwa watu tarehe 11 Machi 1829, Berlin, ilipoongozwa na Felix Mendelssohn mwenye umri wa miaka 20. Vivaldi alikufa Vienna mwaka 1741 akiwa fukara, na rundo kubwa la miswada yake halikutokeza hadi mwaka 1926, lilipokutwa katika shule ya watawa Wasalesiani kaskazini mwa Italia. Gloria tunayoiimba kila Krismasi haikusikika tena hadi mwaka 1939.

Badala ya "maarufu", jiulize: nani aliitunza karatasi, na nani aliirudisha? Jibu lake ni sentensi moja, na wasikilizaji huikumbuka kuliko orodha ya tuzo. Florence Price, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1953, symphonia yake ya kwanza ilipigwa na okestra kubwa ya Chicago mwaka 1933, kisha akasahaulika. Mwaka 2009 watu walionunua nyumba mbovu huko St. Anne, Illinois, walikuta marundo ya miswada yake katika upande ambao mvua haikuufikia. Paa lilikuwa limetobolewa na mti. Lingetobolewa upande wa pili, tusingekuwa na kazi hizo.

Wanawake wakague mara mbili. Fanny Mendelssohn, dada yake Felix, nyimbo zake kadhaa zilichapwa kwa jina la kaka yake. Mwaka 1842 Malkia Victoria alichagua kumwimbia Felix wimbo alioupenda katika kitabu cha nyimbo cha Felix, na Felix ikambidi akiri kwamba huo ni wa Fanny. Sonata yake ya Pasaka ya mwaka 1828 ilithibitishwa kuwa yake mwaka 2010.

Na jihadhari na majina ya kuazima. Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1745 na mama Mwafrika aliyekuwa mtumwa, huitwa "Mozart mweusi". Alimtangulia Mozart kuzaliwa kwa miaka kumi hivi. Aliongoza okestra ya Paris iliyomwagizia Haydn symphonia zake sita, namba 82 hadi 87. Ukimpa jina la mwingine umemnyima lake, na hasa Bagamoyo, mji ambao habari za utumwa si za vitabuni tu, uandike jina lake kamili.

Kuandika yenyewe

Maneno 60 hadi 90 kwa wimbo yanatosha. Kijitabu cha A4 mbili zilizokunjwa katikati hutoa kurasa nane za A5, na herufi zisiwe chini ya ukubwa wa 12, maana taa za ukumbini hupunguzwa na wazee hawabebi miwani. Kila maelezo yawe na kichwa chenye namba ya katalogi, majina ya wahusika wote, mwaka na mahali, jambo moja la kusikiliza, na maana ya maneno kwa Kiswahili. Hilo la mwisho usiliruke: jirani Mwislamu aliyealikwa kutoka Dunda na mwanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, aliyekuja kwa ajili ya ngoma hawana sababu ya kujua Kilatini, na hata wanakwaya wengi hawajui wanachoimba.

Mfano:

"AVE VERUM CORPUS, K. 618. Muziki: W. A. Mozart (Salzburg 1756 – Vienna 1791). Maneno: wimbo wa Kilatini wa karne za kati, mwandishi hajulikani. Mozart aliuandika tarehe 17 Juni 1791 kwa rafiki yake Anton Stoll, mwalimu wa kwaya mjini Baden. Una baa 46 tu. Agizo la sauti aliloliweka ni moja, mwanzoni: iimbwe kwa sauti ya chini. Maneno yanausalimu mwili wa kweli uliozaliwa na Bikira Maria na kuteswa msalabani. Leo kinanda kinachukua nafasi ya ala za nyuzi."

Angalia sentensi ya mwisho. Kama mmebadilisha kitu, semeni. Kama mmeshusha wimbo kutoka Re hadi Do kwa ajili ya masoprano, au mmekata ubeti, andikeni "imeshushwa", "imefupishwa". Mwalimu aliyepanga sauti apate jina lake kama mpangaji, aliyetafsiri apate lake kama mfasiri. Neno "mtunzi" lisitolewe bure.

Mshereheshaji ndiye huharibu kazi dakika ya mwisho. Mwandikie matamshi kwa tahajia ya Kiswahili, kwa karatasi yake peke yake: Bach ni "Bakh" (kh ya "sheikh", na hapa watu wa pwani wanawapita wa bara bila jasho), Gounod ni "Guno", Haydn ni "Haidn", Mozart ni "Motsat", Saint-Georges ni "Sen Zhozh". Mpe siku tatu kabla, umsikilize akisoma. Mwombe asiongeze hadithi. Ataongeza, lakini angalau umemwomba.

Steshenari wapelekee faili la PDF, si la Word. Kompyuta yao isipokuwa na herufi ulizotumia, Süssmayr atatoka na kisanduku katikati ya jina na nusu ya mistari itahamia ukurasa wa pili. Chapa nakala moja, isomwe na mtu ambaye hakuiandika, akikagua miaka tu: kuzaliwa kusizidi kufa, na wimbo usitungwe baada ya mazishi. Kosa la 1741 kuwa 1714 ni la kila mara. Kisha ndipo toa nakala zote. Kwenye ratiba, usipange sehemu ya pili ianze saa kumi na mbili na nusu jioni, adhana ya magharibi itakapokuwa hewani. Anza saa tisa na nusu umalize mapema, au weka mapumziko hapo.

Mtunzi aliye hai parokiani

Kila tamasha huwa na wimbo mmoja au miwili ya mtunzi wa hapa, na ndiyo hupata mstari mmoja wa "Mtunzi: Mwl." na jina la kwanza tu. Hao ndio wa kuandikiwa kwa makini zaidi, kwa sababu Mozart wa Salzburg ana maprofesa na wa kwetu ana daftari lake tu.

Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo wimbo wetu wa taifa. Watoto wa Bagamoyo huuimba mstarini kila asubuhi, na si wengi wanaolijua jina lake. Alikufa mwaka 1905 akiwa kijana, na kaburi lake halikujulikana lilipo kwa miongo mingi. Sababu mojawapo ilikuwa ya kiofisi tu: kwenye rejesta ya makaburi ya Braamfontein aliandikwa kwa jina la Enoch, si Sontonga. Lilipatikana miaka ya 1990 mwanzoni, na tarehe 24 Septemba 1996 Mandela akazindua kumbukumbu yake. Jina la kwanza peke yake lilitosha kumpoteza.

Kinyume chake ni Franz Xaver Gruber, mwalimu wa kijiji aliyeutia muziki Usiku Mtakatifu tarehe 24 Desemba 1818 huko Oberndorf, Austria, kwa maneno ya padre Joseph Mohr. Wimbo ulisambazwa na waimbaji wa kusafiri hadi ukafika Berlin bila jina, watu wakasema ni wa Michael Haydn. Mwaka 1854 wanamuziki wa kanisa la mfalme waliandika kuuliza. Gruber, sasa mzee, akaketi tarehe 30 Desemba akaandika maelezo: siku, kanisa, nani aliandika maneno, nani muziki, sauti ngapi, kwa gitaa. Akatia sahihi. Mwaka 1995 ikapatikana karatasi ya mkono wa Mohr, na pale juu kulia imeandikwa kwamba sauti ni ya Fr. Xav. Gruber.

Basi mpe mtunzi wenu karatasi ya namna hiyo, moja kwa kila wimbo. Iwe na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na jina analojulikana nalo, kichwa cha wimbo na mstari wa kwanza, maana vichwa hubadilika lakini mstari wa kwanza habadilishi mtu, maneno yametoka wapi, na kama ni Zaburi, namba na toleo la Biblia, do ni ipi, sauti ngapi, mwezi na mwaka wa kutunga, kwaya iliyouimba kwanza na kigango, nani alipanga, nani alinakili. Sahihi yake na tarehe chini. Asipokumbuka mwaka usimlazimishe. Andika "kabla ya" tukio analolikumbuka, kwa mfano kabla ya padre fulani kuhamishwa. Kisha mrekodi kwa simu akiimba mwanzo wa kila sauti na akitaja jina lake na la wimbo. Mara nyingi nota za solfa huwa hazionyeshi mwendo anaoutaka, na sauti yake itauonyesha.

Hili si geni pwani. Watunzi wa tenzi walikuwa wakijitaja na kutia tarehe katika beti za mwisho, ili mnakili asiweze kukata jina bila kukata utenzi. Mtunzi wa kwaya anayechapa kwa kompyuta aige hilo: jina lake likae chini ya kila ukurasa, karibu na mstari wa besi, mahali ambapo mashine ya fotokopi haiwezi kulila.

Kwa muziki usioandikwa nota, kama wa Hukwe Zawose, aliyeishi na kufanya kazi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, rekodi ndiyo mswada. Andika kwenye faili lenyewe nani anaimba, nani anapiga ilimba au zeze, wapi na lini. Faili linaloitwa "AUD-0012" litabaki bubu mwenye simu akiibadilisha.

Karatasi na hewa ya bahari

Kijitabu kikishatumika, weka nakala tano pamoja na nota na karatasi za watunzi. Hewa ya Bagamoyo ina chumvi na unyevu, na masika ndiyo mabaya zaidi. Toa pini za chuma na klipu zote, maana kutu hutoboa karatasi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Shona kwa uzi. Usitumie selotepu kubandika palipochanika: hugeuka ya manjano, gundi ikala wino. Usipeleke mswada wa asili kulaminishwa. Unyevu uliomo hufungiwa ndani, joto hufifisha baadhi ya wino, na haufunguki tena bila kuchanika. Laminisha nakala ya fotokopi ukitaka.

Zilizolowa zianikwe kivulini penye upepo, karatasi moja moja, si juani. Zilizokauka zitiwe kwenye bahasha, bahasha kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko, boksi kwenye rafu angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na lisiguse ukuta, kwa sababu mchwa hupanda ukutani. Lifungue kila baada ya miezi miwili ulipe hewa siku kavu.

Piga picha kila ukurasa kabla ya kuuweka: mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, simu ikiwa sambamba na karatasi, na ukingo wote wa juu uonekane. Faili uliite mwaka, jina la ukoo, mstari wa kwanza na ukurasa. Nakala moja ya picha ibaki ofisi ya parokia, nyingine kwa mtunzi au mtoto wake, ya tatu nje ya Bagamoyo. Nyuma ya kila bahasha andika kwa penseli, maana kalamu ya wino huvuja ikipata unyevu: jina kamili, wimbo, na tarehe uliyoifunga.